Sura Nyembamba Kwenye Skrini Pana

Wazee wa Kinondoni wanaikumbuka sinema ya Drive-In, Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966 mahali ulipo leo Ubalozi wa Marekani. Enzi hizo picha za CinemaScope, mtindo ulioanza mwaka 1953, zilibanwa ubavuni ili zienee katika mkanda wa milimita 35, kisha lenzi ya pili ya projekta ilizitanua mara mbili. Bila lenzi hiyo, mwigizaji mnene naye huonekana mwembamba kama mlingoti.

Fundi hurekebisha kwanza lenzi kuu hadi picha iwe dhahiri, ndipo huizungusha ile ya kutanua mpaka nguzo na kuta zisimame wima. Ikikaa upande kidogo tu, jengo zima huinama.

Katika vibanda vya video vya leo, wachezaji wakionekana wanene, lenzi haina kosa. Kinachorekebishwa ni umbo la picha kwenye menyu.