Kabla ya kuota Machu Picchu, tembea hadi Thimlich Ohinga

Bila shaka umeiona picha hiyo mitandaoni. Kijana amesimama kilimani, mkoba mgongoni, mikono ameitanua, na nyuma yake magofu ya mawe yamefunikwa nusu na ukungu. Hapo ni Machu Picchu, Peru, mji wa Wainka uliojengwa katika karne ya 15. Ukaipenda, ukawatumia marafiki na kuandika, "Siku moja nami nitafika."

Ndoto si mbaya. Lakini hebu nikuulize swali la kirafiki: wewe uliyezaliwa Migori, Rongo, Ndhiwa au Mbita, umewahi kufika Thimlich Ohinga?

Usikune kichwa, hauko peke yako. Wengi wetu tuliisoma shuleni ili tupite mtihani, basi. Na kumbe ni mawe yaliyopangwa na mikono ya watu walioishi hapa hapa kwetu, takriban kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Inaaminika kuta hizo zilijengwa katika karne ya 16. Mwaka wa 2018, UNESCO iliziorodhesha kama Turathi ya Dunia, daraja lile lile la Machu Picchu.

Tofauti ni moja: kule Peru, mawe yanalisha watu.

Wenzetu wanavyofanya

Mapito ya Wainka yanayoelekea Machu Picchu ni kama kilomita 43. Watalii huyatembea kwa siku nne, na mahali fulani hupanda zaidi ya mita 4,200 kutoka usawa wa bahari. Huwezi kujiendea tu kama unaenda sokoni. Lazima uwe na kibali na mwongozaji aliyesajiliwa. Kwa siku wanaruhusiwa watu 500 pekee, wakiwemo waongozaji, wapishi na wachukuzi. Sheria imeweka hata kikomo cha mzigo ambao mchukuzi anaweza kubeba. Kila Februari njia hufungwa ili ipumzike na kukarabatiwa.

Piga hesabu. Kila mtalii anayepita pale anaacha pesa kwa kijana wa kijijini anayejua njia, anayejua kupika na anayejua hadithi ya kila ngazi.

Sisi hatuna njia kama hiyo. Lakini tuna milima, tuna bonde, tuna kuta, na vijana wasio na kazi ndio hao tele vijiweni. Kwa hivyo, likizo ijayo, jaribu hivi wewe na marafiki zako wanne au watano.

Siku tatu za safari

Siku ya kwanza, anzia Homa Bay na uelekee Bonde la Lambwe. Humo mna Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita mraba 120. Ndiko kwa pekee nchini Kenya unakoweza kumwona korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe kama aliyevaa barakoa. Ndani ya mbuga usitembee kwa miguu kiholela. Fuata maagizo ya askari wa KWS. Na usivae nguo za buluu wala nyeusi, maana rangi hizo huwavuta mbung'o. Mdudu huyo aliwatesa wazee wetu kwa ugonjwa wa malale, lakini pia ndiye aliyewazuia watu kulijaza bonde hili. Korongo wakabaki.

Siku ya pili ni ya miguu. Amka mapema, kunywa uji, halafu panda genge la Kanyamwa kutoka bondeni kuelekea upande wa Ndhiwa. Tafuta mwenyeji wa kuwaongoza, mtu anayejua vijia vya mifugo na mahali pa kupata maji. Mlipe. Usimwambie "asante, buda" halafu ukajiendea. Magoti yatalia, jasho litakutoka, lakini ukifika juu geuka: bonde lote liko chini yako, na ng'ambo unaiona milima ya Gwassi. Laleni Ndhiwa mjini, mle samaki na kuon moto, mnyooshe miguu.

Siku ya tatu, pandeni boda kuelekea Thimlich, kisha shukeni mtembee kilomita chache za mwisho. Nakushauri hivyo kwa sababu moja: ukishushwa langoni utaona mawe tu, lakini ukitembea utaona kwanza nchi yenyewe, vilima vyake, mawe yaliyotapakaa kila mahali na miti ya bondo iliyosimama kama vinara. Ukifika ukutani utajua mawe hayo yalitoka wapi.

Ukutani

Kwa Kidholuo, ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta. Thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Yapo maboma makubwa manne: Kochieng', Kakuku, Koketch na Kolouch. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa kama mita moja.

Sasa sogea karibu uangalie vizuri. Hakuna saruji. Hakuna udongo wa kushikanisha. Mawe hayakuchongwa hata. Fundi alipanga safu ya nje na safu ya ndani kwa mawe makubwa, kisha akajaza katikati kwa mawe madogo, kila jiwe likikalia jingine na kulibana. Ukuta nao haukunyooka. Unapinda pinda, na mahali pengine umewekewa viegemeo ili usianguke.

Kwenye lango itabidi uiname. Mlango ni mfupi kwa makusudi, na juu yake yamelazwa mawe marefu. Adui aliyekuja kuiba ng'ombe aliingia kichwa kwanza, na waliokuwa ndani walimsubiri. Katikati kulikuwa na zizi, nyumba zikiwa pembeni. Kulikuwa pia na wahunzi waliofua chuma, na watafiti wamechimbua shanga za kioo zilizotoka mbali. Yaani watu hawa hawakuwa wamejificha porini. Walikuwa wakifanya biashara.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Jamii moja ilipohama, nyingine ilikuja, ikakaa, ikakarabati palipobomoka. Walikaa wazungumzaji wa lugha za Kibantu, wakakaa Waluo. Kila kizazi kilijifunza kupanga mawe kutoka kwa kilichotangulia. Hiyo ndiyo siri ya kuta hizi kufika kwetu.

Leo hakuna anayeishi humo. Mizizi inasukuma mawe, wanyama wanayagonga, na wageni wengine wanapanda juu ya ukuta ili wapige selfi. Jiwe moja likichomoka, la juu yake halina pa kukalia. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndiyo yanayotunza mahali hapa, lakini katika eneo hili la ziwa kuna mabaki zaidi ya 500 ya aina hii, mengi yakiwa katikati ya mashamba ya watu. Nani atayalinda hayo, kama si kijana anayeishi jirani?

Kazi iko hapa?

Tusidanganyane. Ukiwa Nyatike, unawajua wenzako wanaoshuka kila siku kwenye mashimo ya dhahabu. Unajua pia kwamba wako ambao hawakurudi juu. Siwezi kukuambia uache shimo kesho uwe mwongozaji wa watalii, kwa sababu watalii wenyewe bado ni wachache na tumbo halingoji.

Ila dhahabu ukishaichimba imekwisha, na ukuta unaonyeshwa leo na kesho uko palepale. Peru pia, njia haikujileta. Mtu aliitembea kwanza, akajifunza majina na hadithi, akamwita mgeni wa kwanza. Wewe unaweza kuanza na wanafunzi wa shule ya jirani, au binamu zako wa Nairobi Desemba wanapokuja nyumbani na kulalamika hakuna pa kwenda.

Kabla ya kuondoka

Epuka Machi hadi Mei. Mvua ndefu hugeuza udongo mweusi wa Lambwe kuwa gundi, na kiatu kitabaki njiani. Beba maji ya kutosha, kofia na dawa ya mbu. Ukipita bomani mwa watu, simama, salimu, "Oyawore", useme unakokwenda. Dana aliyekaa chini ya mwembe huenda anajua hadithi ambayo haijaandikwa popote. Kaa umsikilize.

Na ukifika ukutani, usipande. Ukiona jiwe limeanguka, usilirudishe mwenyewe. Mwonyeshe mtunzaji wa pale, kisha umwombe akufundishe jinsi linavyopangwa.