Elsa, Nuru na Mbuzi wa Ukambani

Ukitoka Mombasa kwa gari kwenda bara, baada ya kuipita Voi utaingia nchi ya Wakamba kwa Mtito Andei, jina ambalo wenyewe husema maana yake ni msitu wa tai. Ukiendelea mbele ya Makindu utakikuta kituo kiitwacho Simba, na baada ya Emali utafika Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Unguja aliyefariki mwaka 1902. Safari hii sikufika huko. Kibwezi nilikata kulia, nikaiacha Makueni, nikashika njia ya Mutomo hadi Kitui, na kutoka Kitui nikapanda Mwingi. Rafiki yangu mwalimu alikuwa ameniita nizungumze na wanafunzi wake juu ya kusoma vitabu.

Mkobani nilikuwa na kitabu kimoja tu, kikuukuu, jalada limechanika: kile cha Joy Adamson juu ya Elsa, simba jike. Nilikipenda tangu utotoni. Jioni, tukishatoka chuoni, tulikuwa tukijazana dirishani kwa jirani mwenye televisheni, na usiku ilipoonyeshwa filamu ya Elsa nilirudi nyumbani nikilia. Mama aliniuliza nani amenipiga. Nikamjibu, hakuna, ni simba amekwenda zake.

Kwa asiyekijua kisa, ni hiki. Tarehe 1 Februari 1956, bwana nyama wa Isiolo, George Adamson, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu wachanga, wote majike. Aliwachukua, akampelekea mkewe, Joy. Wawili walipokua walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Elsa, mdogo wao, akabaki. Walimlea, wakamfunza kuwinda, wakamrudisha porini. Mwaka 1960 kitabu kikatoka, nacho kikaenea ulimwenguni. Elsa hakuishi sana kuufaidi umaarufu wake. Alifariki tarehe 24 Januari 1961 kwa ugonjwa uletwao na kupe, akazikwa kando ya mto Ura, katika Mbuga ya Taifa ya Meru.

Nasi watu wa pwani tuna fungu letu kitabuni humo. Joy anasimulia walivyompeleka Elsa mpaka Bahari ya Hindi, kwenye kijiji cha wavuvi karibu na mpaka wa Somalia, akayaona mawimbi na kucheza nayo.

Filamu ya kwanza ilitoka mwaka 1966. Virginia McKenna aliigiza Joy, naye mumewe hasa, Bill Travers, akaigiza George. Muziki wa John Barry ulipata tuzo mbili za Oscar. Mwaka 1972 ikafuata filamu ya pili, na mwaka 1974 Wamarekani wakatengeneza mfululizo wa televisheni wa vipindi 13.

Hayo yote niliwaeleza watoto wa Mwingi, na kwa hakika walisikiliza. Nilipomaliza, binti mmoja wa mbele, wa miaka kama 11, alinyosha mkono.

"Mzee, huyo simba alikula mbuzi za nani?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile sikupata kujiuliza kwa zaidi ya miaka 40. Nikalazimika kumjibu kweli. Elsa mwenyewe alikuwa akinunuliwa mbuzi. Lakini aliacha watoto watatu, Jespah, Gopa na Elsa Mdogo, nao baada ya kufiwa na mama yao waliingia mazizi ya watu na kuua mifugo. Ndiyo sababu mwaka huo huo wa 1961 walikamatwa wakahamishiwa Serengeti. Filamu ya pili inasimulia habari hiyo, ila jicho la kamera liko kwa simba na walezi wao. Mwenye mbuzi hatumfahamu.

"Basi walilipwa?" binti akauliza tena. Nikamwambia sijui, mwanangu.

Nje, chini ya mgunga, mzee mmoja aliyekuwa amekuja kumchukua mjukuu wake alinieleza kwamba kwao simba huitwa munyambu, na jina hilo halitajwi usiku kwa mchezo. Kusini mwa kaunti ya Kitui imo sehemu ya Tsavo Mashariki, na Makueni nayo imepakana na Tsavo. Kaskazini mwa Kitui, mto Tana ndio mpaka, na ng'ambo yake ndiko alikolala Elsa. Mnyama hasomi ramani. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, lakini mzee alisema, "Pesa hutembea kwa miguu, munyambu hukimbia."

Mashariki ya Mwingi, ukishavuka mpaka wa Kitui, ndiko Kora. George alihamia huko mwaka 1970 na simba aitwaye Boy, mmoja wa simba walioigiza katika filamu ya 1966. Mwaka uliofuata Boy alimwua msaidizi wa George, na George akampiga risasi yeye mwenyewe. Joy aliuawa Shaba tarehe 3 Januari 1980. George naye aliuawa na majambazi tarehe 20 Agosti 1989, akazikwa Kora karibu na Boy.

Njiani nikirudi nilikifungua kitabu, na jicho likaangukia jina ambalo utotoni nililipita mbio: Nuru. Alikuwa mtunza bustani wa akina Adamson, naye ndiye aliyekabidhiwa wale watoto watatu awaangalie, awafuate, awazuie wasipotee. Katika filamu Peter Lukoye ndiye aliyemwigiza. Jina zuri kama hilo, na sisi tuliokuwa tukilia dirishani hatukupata kumwuliza mtu, Nuru alikuwa nani?

Chuoni tulifunzwa habari ya mtu aliyemtekea mbwa maji kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Tulifunzwa pia haki ya jirani. Kitabu cha Elsa kilinifunza lile la kwanza tena, na sikijutii. Binti wa Mwingi amenikumbusha la pili. Huruma kwa mnyama ni jambo la kheri, lakini anayeilipa kwa mbuzi wake naye anastahili ukurasa wake.

Kile kitabu nilimwachia binti yule. Mwalimu wake aniambia amekwisha kukisoma, na sasa anaandika kisa chake mwenyewe kwa Kikamba. Shujaa wake ni mbuzi jike. Nami nakingoja, Inshallah, kwa hamu kama ile ya dirishani.