Vita Vilivyokwisha Kabla ya Chai ya Saa Nne

Vita vifupi kuliko vyote duniani ni vya kwetu. Asubuhi ya Agosti 27, 1896, saa tatu na dakika mbili, manowari za Waingereza zilianza kulipiga jumba la Sultani wa Unguja. Saa tatu na dakika 40 mizinga ilikuwa imenyamaza. Dakika 38, wengine huhesabu 45. Vyovyote iwavyo, chai ya saa nne ilikuwa haijaiva.

Ugomvi ulikuwa wa kiti. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Agosti 25, na binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia jumbani bila ridhaa ya Waingereza, ambao tangu 1890 walijiita walinzi wa Unguja. Khalid alikuwa na watu kama 2,800, mizinga michache na meli moja, Glasgow, iliyojengwa kwa fahari kuliko kwa vita. Meli ikajibu mapigo, ikazama palepale bandarini. Watu wa Khalid wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili aliumia baharia mmoja.

Khalid mwenyewe aliponyokea ubalozi wa Ujerumani. Waingereza wakamvizia nje mwezi na zaidi, wakingoja akanyage ardhi ya Unguja. Oktoba 2 maji yalijaa hadi kwenye ubalozi, Wajerumani wakampakia mashuani moja kwa moja na kumvusha Dar es Salaam. Kwa ujanja wa kuyasoma maji, hii nayo ingestahili rekodi. Kiti kilishapata mtu tangu siku ileile ya mizinga: Hamoud bin Mohammed, chaguo la Waingereza.

Rekodi zipo nyingine. Kwa pengo la vifo kati ya pande mbili, hakuna pa kuishinda Omdurman, Sudan, Septemba 2, 1898. Wapiganaji wa Khalifa Abdullahi, mtawala wa Sudan, walikata uwanda mtupu kuelekea bunduki za Maxim za Kitchener, jemadari wa Waingereza. Kufikia adhuhuri zaidi ya 10,000 walikuwa wamekufa. Kitchener hakupoteza hata 50. Sijui kama hayo ni mapigano au ni mavuno.

Ushindi wa bei rahisi kuliko wote ni wa Plassey, Bengal, Juni 23, 1757. Robert Clive wa Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki, na askari 3,000 hivi, alikabili jeshi la Siraj ud-Daulah, Nawab (mtawala) wa Bengal, la watu wapatao 50,000. Mvua ililowesha baruti ya Nawab, lakini kazi ilishamalizwa na Mir Jafar, jemadari wake mwenyewe, aliyeahidiwa kiti na akasimama na vikosi vyake akitazama. Kampuni ya biashara ikajikuta na jimbo mkononi. Mimi nauita mnada.

Na aliyechelewa kuliko wote kukubali kwamba ameshindwa? Mkwawa, chifu wa Wahehe. Agosti 1891, kule Lugalo, alikifyeka kikosi cha Emil von Zelewski. Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaivunja ngome ya Kalenga, wakadhani yamekwisha. Akawasumbua porini karibu miaka minne zaidi, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi asikamatwe. Wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliogawa himaya na kupanga fidia za vita, ukatenga kifungu kudai fuvu lake lirudishwe. Lilifika Kalenga 1954.