Tulinde Ngoma Zetu Zisiliwe na Wadudu

Wanawake wa Kigogo, katika Mkoa wa Dodoma, hupiga ngoma ziitwazo muheme. Ngoma hizo huchongwa kwa mti, kisha huwambwa ngozi. Vijiji vingine vina ngoma zao, usinga wa mkia wa ng'ombe na mapambo ya manyoya ya ndege. Wazee waliotengeneza vitu hivi wanapungua. Kikiharibika kimoja, si rahisi kupata kingine.

Wengi husema, "Ngoma imechakaa kwa uzee." Mara nyingi si uzee. Ni wadudu.

Adui ni nani?

Wapo wadudu wadogo wenye mabawa magumu, kama fukusi wa mahindi. Hutaga mayai juu ya ngozi. Mayai huangua mabuu yenye vinyweleo. Mabuu hayo ndiyo yanayokula ngozi na manyoya. Nondo wa nguo nao hutaga mayai, na watoto wao hula manyoya na singa.

Mabuu hayapendi mwanga. Hukaa gizani, mahali ambapo hapaguswi. Kwa hiyo ngoma inayopigwa mara kwa mara hupona. Ngoma iliyosahauliwa pembeni huliwa.

Dalili zake ni hizi: matundu madogo, manyoya yanayodondoka, na magamba makavu ya mabuu.

Tufanye nini?

1. Baada ya kucheza, futa jasho, mafuta na vumbi kwa kitambaa kikavu. Uchafu huwavuta wadudu.

2. Anika kivulini penye upepo. Jua kali hupasua ngozi.

3. Usiweke ngoma karibu na samaki wakavu. Wadudu walao samaki hao hula ngozi pia.

4. Inua ngoma kutoka sakafuni. Iweke juu ya kichanja, mbali na mchwa na unyevu.

5. Funga usinga na manyoya katika kitambaa safi kilichofumwa kwa kubana. Weka ndani ya sanduku la bati lenye mfuniko.

6. Kila mwezi toa vyote nje. Kagua mishono, mikunjo na ndani ya ngoma.

Ukikuta mabuu, tenga kitu hicho mara moja. Kisugue taratibu kwa brashi laini juu ya karatasi, kisha choma takataka hizo. Rudia kila wiki kwa mwezi mzima, kwa sababu mayai hayaonekani na huangua baadaye.

Usinyunyize dawa ya kuhifadhia mahindi. Ni sumu. Mpigaji huishika kwa mikono, na watoto huigusa ngoma.

Kikundi cha ngoma kichague mtu wa kutunza vyombo. Aandike katika daftari tarehe ya kila ukaguzi na alichokiona.

Maswali

1. Kwa nini ngoma isiyopigwa huliwa upesi?

2. Kwa nini tusiiweke karibu na samaki wakavu?

3. Ngoma ya kijiji chenu ilikaguliwa lini?