Jua la Pembe Nne

Mpwa wangu aliponiketisha mbele ya kompyuta anifundishe Minecraft, mchezo wa Sweden ambao toleo lake kamili lilitoka mwaka wa 2011, nilicheka. Jua lina pembe nne, mwezi vivyo hivyo, na ng'ombe ni masanduku yaliyounganishwa! Nikadhani mchoraji hakuijua kazi yake.

Kumbe sivyo, msomaji. Karibu ulimwengu wote ule ni matofali ya mita moja kila upande, na mengi uyabomoayo waweza kuyajenga kwingine. Chini ya kioo kuna nafasi 9 za vifaa; juu yake mioyo 10, ndiyo uhai, na mapaja ya kuku 10, ndiyo shibe. Hakuna maneno, ni kutazama tu.

Mchana na usiku huko ni dakika 20. Nami, kwa tamaa ya dhahabu, sikuyatazama mapaja. Yalipobaki matatu, mbio zikanishinda. Giza likaingia, maiti atembeaye akanifikia, na mali yangu yote ikatawanyika chini.

"Mjomba," mpwa wangu akasema kwa upole, "mkate ulikuwa nao. Nafasi ya tisa."