Kabla Dola Hazijarudi Eldoret

Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, zaidi kidogo ya nusu yake kutoka Marekani. Miaka 20 kabla ya hapo, Benki Kuu ya Kenya ilihesabu dola milioni 338 tu. Hakuna zao la shambani linaloingiza dola bilioni 4.9 kwa mwaka, si chai wala maua.

Hiyo ni hesabu ya zinazoingia. Eldoret, kwa familia nyingi, daftari hufunguliwa na pesa zinazotoka: ekari inauzwa, ng'ombe wanatolewa zizini, harambee inaitishwa, ili kijana apate viza, nauli na karo ya mwaka wa kwanza. Kiuchumi huo ni mtaji, na dola za baadaye ni marejesho yake. Mtaji nao hupotea. Mwaka 2021 serikali ya kaunti ya Uasin Gishu, ambako Eldoret ipo, ilianzisha mpango wa kupeleka wanafunzi Finland na Kanada, na wazazi wakalipa kupitia akaunti ya kaunti. Kuna waliofika Finland wakajikuta wanatishiwa kufukuzwa vyuoni kwa kuwa ada haijalipwa. Wengine hawakupanda ndege kabisa. Mwaka 2023 wazazi waliandamana mjini, na Agosti aliyekuwa gavana na maafisa wenzake wakashtakiwa kuhusu takriban shilingi bilioni 1.1. Walikana mashtaka.

Njia ya zamani ya kufika Marekani ilikuwa miguu, yaani mbio. Henry Rono, mzaliwa wa Nandi, aliweka rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State. Wesley Korir alisomea Chuo Kikuu cha Louisville, akashinda Boston Marathon mwaka 2012 na kuondoka na dola 150,000.

Pesa ya mbio huja kwa mkupuo, ndiyo maana baadhi ya hoteli na majengo ya biashara mjini ni mali ya wanariadha. Ya muuguzi wa Minneapolis au dereva wa lori wa Dallas huja kidogo kidogo, dola mia mbili mwezi huu, mia tatu ujao, na hujenga kwa mwendo huohuo. Kwanza ploti ya futi hamsini kwa mia huko Kimumu au Kapsoya. Kisha msingi, kuta, slabu. Halafu vyuma vinabaki vimechomoza juu, vinashika kutu, vikingoja ghorofa ya pili. Mpita njia hudhani mwenye mjengo ameishiwa. Fundi anajua shule zimefunguliwa, karo imeitangulia saruji.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za dola hazionyeshi. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa 129 hivi. Dola 300 zilizokuwa zikimfikia mama mmoja wa mtaa wa Langas kutoka kwa binti yake Marekani kama shilingi 48,000 zikawa 38,700. Karo haikushuka, na binti huyo hakukosa zamu hata moja. Waagizaji wa mafuta walishangilia shilingi kuimarika, na walikuwa na haki. Kwa mama huyo ilikuwa mshahara uliokatwa bila barua.

Hapo bado gharama ya kutuma. Kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara wastani wake ni takriban asilimia 8, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni asilimia 3 ifikapo 2030. Tangazo la "kutuma bure" lisomwe kwa makini, maana faida huweza kufichwa kwenye kiwango cha kubadilisha. Kampuni ikihesabu dola kwa shilingi 126 wakati soko liko 129, dola 300 zimeacha shilingi 900 njiani, na risiti inaonyesha ada ni sufuri.

Tangu Januari 1, 2026, Marekani nayo inatoza asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje. Pendekezo la kwanza lilikuwa asilimia 5. Kodi hiyo huwahusu wanaolipia kwa noti, hawala ya fedha ("money order") au hundi ya benki. Anayetuma kwa programu ya simu iliyounganishwa na akaunti yake ya benki au kadi ya malipo iliyotolewa Marekani haimgusi, na ujumbe wa M-Pesa utaingia Eldoret kama kawaida. Inayemkuta ni yule anayelipwa noti mkononi kila Ijumaa na kuzipeleka dirishani kwa wakala, mara nyingi kwa kuwa hana akaunti.