Kakao ilipopanda, chokoleti ikapungua

Mwanzoni mwa 2023, tani moja ya kakao iliuzwa kwa dola 2,600 hivi katika soko la New York. Februari 2024 bei ilivunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1977, Aprili ikavuka dola 11,000, na Desemba mwaka huohuo ikapita dola 12,000. Kuna wakati tani ya kakao ilikuwa ghali kuliko tani ya shaba. Karibu kila badiliko linaloonekana leo kwenye rafu za chokoleti na pipi, kuanzia uzito wa kipande hadi maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi yake, limeguswa na miaka hiyo miwili.

Chanzo kilikuwa shambani. Ivory Coast na Ghana hutoa takriban asilimia 60 ya kakao yote ya dunia, kwa hiyo hali ya hewa ikiharibika Afrika Magharibi hakuna pengine pa kukimbilia. Mwaka 2023 mvua zilizidi na maganda yakaozea mitini. Baadaye ukaja ukame wa El Niño. Wakati huohuo virusi vinavyovimbisha machipukizi, ambavyo husambazwa na vidung'ata, vilikuwa vikiendelea kula mashamba taratibu. Mti ulioambukizwa hauna dawa. Hung'olewa, na mche unaopandwa mahali pake hukaa miaka mitatu hadi mitano bila kuzaa. Mingi ya miti iliyobaki ilikuwa imezeeka, na wenye mashamba hawakuwa na fedha za mbolea kwa sababu bei ya miaka mingi haikuwaachia kitu. Nchini Ghana, wachimbaji haramu wa dhahabu walimaliza sehemu nyingine. Shirika la Kimataifa la Kakao, lenye makao yake Abidjan, lilikadiria kuwa msimu wa 2023/24 ulikuwa na upungufu wa karibu tani 500,000, wakati mavuno yote ya dunia yalikuwa chini kidogo ya tani milioni 4.4.

Mtu angedhani mkulima wa Afrika Magharibi alitajirika. Haikuwa hivyo. Ghana na Ivory Coast huuza sehemu kubwa ya mavuno kabla hayajaiva, kisha bodi ya serikali hupanga bei moja ya msimu mzima kwa mkulima. Mpango huo humkinga bei inapoanguka, lakini humfungia nje bei inapopaa. Msimu wa 2023/24 ulianza Ivory Coast kwa faranga 1,000 za CFA kwa kilo, yaani kama dola 1,600 kwa tani, na bei hiyo haikuguswa hadi Aprili 2024 ilipopandishwa kuwa faranga 1,500, huku New York ikiwa imeshavuka dola 10,000.

Afrika Mashariki, ambayo mchango wake katika soko la dunia ni mdogo, iliona upande mwingine wa shilingi. Kakao ya Tanzania hutoka zaidi Kyela, mkoani Mbeya, na huuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo chama cha msingi, mzigo unaingia ghalani, wanunuzi wanashindana kwa bei. Mnada haungoji tangazo la bodi, hivyo bei ya dunia ilifika Kyela mapema, na kilo ikauzwa kwa fedha ambayo miaka michache kabla isingesadikika. Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, ambako wanunuzi hufika hadi mlangoni kwa mkulima, mambo yalikuwa hayohayo. Upande wa pili wa mpaka, kakao ya Beni na Ituri nchini Kongo ilizidi kuwa mali ya kugombaniwa katika eneo ambalo tayari lina vita, na sehemu yake huvuka kwenda Uganda kwa magendo.

Viwandani, tatizo lilikuwa la namna nyingine. Mnunuzi wa chokoleti ana bei kichwani. Amezoea kutoa kiasi fulani, na bei ikipita hapo huirudisha chokoleti rafuni. Uzito hausomi. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya mtengenezaji aliyebanwa huwa kupunguza gramu. Mbinu hii ni ya zamani kuliko mfumuko wa bei ya kakao. Mwaka 2016 Toblerone iliyouzwa Uingereza iliongezewa mwanya kati ya pembe zake maarufu, na kipande cha gramu 400 kikawa cha gramu 360. Wateja walipiga kelele, na miaka miwili baadaye umbo la awali likarudi. Funzo ambalo kampuni zililipata halikuwa kuacha kupunguza, bali kutogusa umbo. Mwaka 2022 Cadbury Dairy Milk ya gramu 200 iligeuka gramu 180 kwa bei ileile, mstatili uleule, karatasi ileile ya zambarau, na kelele zikawa ndogo zaidi.

Kupunguza gramu kuna mwisho wake, maana kipande kikizidi kuwa chembamba hata asiyesoma ataona. Hapo ndipo mapishi yenyewe yanapoguswa. Karibu nusu ya uzito wa punje ya kakao ni mafuta, ambayo huitwa siagi ya kakao, na ndiyo sehemu ya thamani: huganda kwenye joto la kawaida la chumba na kuyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ule utelezi wa chokoleti nzuri juu ya ulimi ni kazi ya siagi hiyo. Mafuta ya mise yanaweza kuchukua nafasi yake kwa gharama ndogo, na biskuti iliyopakwa mchanganyiko huo itang'aa vilevile, ila haiyeyuki kwa namna ileile. Huacha utando kama nta kwenye kaakaa.

Sheria hulinda jina. Umoja wa Ulaya unaruhusu mafuta mengine ya mimea yasiyozidi asilimia 5 katika kitu kinachoitwa chokoleti. Uingereza inataka chokoleti ya maziwa iwe na angalau asilimia 20 ya mango ya kakao. Mwaka 2025 biskuti za Penguin na Club, ambazo Waingereza wamezibeba shuleni kwa vizazi kadhaa, zilishuka chini ya mstari huo, na maandishi yake yakabadilishwa kutoka chokoleti kuwa «ladha ya chokoleti». Mwenye kiwanda alisema walaji waliopewa wajaribu walizipenda vilevile. Huenda ni kweli, maana biskuti ya namna hii huliwa pamoja na chai, na chai hufunika mengi. Hata hivyo neno likishatoka kwenye karatasi, mtengenezaji hana tena sababu ya kisheria ya kurudisha kakao.

Njia ya tatu ni kuuza kitu kisicho na kakao kabisa, na hapa ndipo soko limehamia zaidi. Pipi laini za kutafuna, zile zenye umbo la dubu au nyoka, hutengenezwa kwa sukari, sharubati ya glukosi, jelatini na ndimu kali ya unga. Trei hujazwa wanga mkavu, mhuri hugandamizwa juu yake kuacha vishimo, uji wa moto humiminwa humo, kisha trei huachwa kwenye chumba cha joto kwa siku nzima au zaidi hadi pipi zikauke. Hakuna kiungo hapo kinachotegemea msitu wa Ghana. Hans Riegel wa Bonn, mwanzilishi wa Haribo, alibuni dubu wake 1922, kwa hiyo bidhaa si ngeni. Kigeni ni kasi yake: Marekani, pipi za Nerds Gummy Clusters, zilizoingia sokoni 2020 zikiwa na kiini laini kilichozungushiwa punje ngumu zenye uchachu, zimeifanya chapa iliyokuwa imechakaa kuwa miongoni mwa zinazokua haraka zaidi. Vijana wanapenda uchachu na mkwaruzo mdomoni kuliko utelezi, na soko limewafuata.

Jelatini ina mgogoro wake. Nyingi hutokana na ngozi ya nguruwe, na hilo hufunga milango kuanzia Muscat hadi Mombasa. Haribo hutengeneza pipi halali katika kiwanda chake cha Uturuki kwa ajili ya masoko hayo, kwa jelatini ya ng'ombe. Wengine hutumia pektini ya matunda, ambayo haina utata wa dini ila hukatika haraka jinoni, bila ule mvutano ambao mlaji wa dubu anautafuta.

Katikati ya haya yote ilizuka chokoleti ya Dubai, na ni kichekesho cha kibiashara kwamba kitu kilichovuma zaidi wakati bei ya kakao ilipokuwa ya rekodi ni kipande kinene cha chokoleti. Kampuni ndogo ya Fix, iliyoanzishwa Dubai 2021 na Sarah Hamouda, ilijaza chokoleti ya maziwa kwa krimu ya pistachio, tahini, na nyuzi za tambi za kataifi zilizokaangwa. Video moja ya TikTok ya Desemba 2023 ilitosha. Kufikia mwisho wa 2024 kampuni ya Lindt ilikuwa na toleo lake Ujerumani, na watu wakipanga foleni. Ukikivunja kipande chake, siri ya hesabu inaonekana: chokoleti ni ganda tu, na unene wote ni wa kile kilichomo ndani. Mnunuzi hulipa bei ya anasa kwa kipande ambacho sehemu kubwa yake si kakao. Pigo likahamia kwenye pistachio, ambayo hutoka zaidi Marekani na Iran. Punje zilizomenywa zilipanda kutoka dola 7.65 hadi dola 10.30 kwa ratili katika muda wa mwaka mmoja. Ladha yenyewe haikuwa mpya kwa mtu wa Ghuba wala wa Unguja. Halua ya Oman, na ndugu yake wa Zanzibar anayesongwa kwa wanga, sukari, samli na iliki, imejengwa juu ya wazo hilohilo la utamu mzito wenye lozi ndani.

Madukani Afrika Mashariki kakao haina sauti kubwa kiasi hicho, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni joto. Duka la mtaani lisilo na friji haliwezi kuweka kitu kinachoyeyuka kwenye nyuzi 34. Chokoleti iliyolegea mchana na kuganda usiku huota weupe kama ukungu na haiuziki. Kwa hiyo chokoleti hukaa supamaketi na vituo vya mafuta, na mtaani hutawala pipi ngumu, bazoka, chingamu na biskuti zilizopakwa mafuta ya mise yenye rangi ya kakao.

Sababu ya pili ni sarafu. Pipi ya Tanzania huuzwa moja moja kutoka kwenye kopo la plastiki lililo kaunta, shilingi 50, au mbili kwa 100. Sarafu zilizo ndogo kuliko shilingi 50 zimetoweka mikononi mwa watu, hivyo hakuna bei kati ya 50 na 100. Kiwanda kikitaka kupandisha kwa asilimia 10 hakina namna. Ama kiongeze maradufu, ama kipunguze pipi. Kinapunguza pipi. Kile ambacho magazeti ya Ulaya yamekigundua kama hila mpya ndiyo desturi ya duka la mtaani tangu zamani, na hakuna anayekiona kuwa hila. Mwenye duka akikosa sarafu hurudisha chenji kwa pipi, nchini Kenya vilevile, kiasi kwamba pipi yenyewe imekuwa kama fedha ndogo.

Kinachovitikisa viwanda vya Nairobi na Dar es Salaam ni sukari. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño ziliposimamisha uvunaji wa miwa Tanzania, Bodi ya Sukari ililazimika kutangaza bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo. Viwanda vya pipi hutumia sukari nyeupe iliyosafishwa zaidi, ambayo huagizwa kutoka nje kwa ushuru uliopunguzwa chini ya utaratibu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo meli ikichelewa au kibali kikikwama, mitambo hulala. Kenya iliongeza mzigo mwingine 2018 ilipoweka ushuru wa bidhaa wa shilingi 20 kwa kilo ya pipi na 200 kwa kilo ya chokoleti.

Rangi nazo zimeanza kubanwa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku titani dioksidi, inayotumika kuzifanya pipi ziwe nyeupe na ziwe na mng'ao, mwaka 2022. Januari 2025 Marekani ilifuta idhini ya rangi nyekundu namba 3, ikawapa watengenezaji wa vyakula muda hadi Januari 2027. Kampuni zinazouza nje hufuata masharti ya huko ziendako. Ubuyu wa kwenye vikaratasi vya nailoni, unaoacha ulimi mwekundu hadi jioni, hupakwa rangi ya unga inayonunuliwa kwa kijiko, na hapo sheria za Brussels hazifiki.

Kufikia mwisho wa 2025 bei ya kakao ilikuwa imeshuka hadi karibu nusu ya kilele chake. Mvua zilikuwa nzuri zaidi, Ecuador ilikuwa imeongeza mavuno, na viwanda vyenyewe vilikuwa vimejifunza kununua kidogo. Bei za madukani hazikushuka pamoja nayo, kwa kuwa chokoleti iliyokuwa rafuni ilitengenezwa kwa kakao iliyonunuliwa miezi mingi kabla, wakati wa ughali. Ivory Coast, kinyume chake, ilifungua msimu Oktoba 2025 kwa bei ya mkulima ya faranga 2,800, kubwa kuliko zote zilizotangulia, soko likiwa tayari linateremka. Na miche iliyopandwa kwa tamaa ya bei za 2024, kuanzia Bundibugyo hadi Amerika Kusini, itaanza kuzaa kati ya 2027 na 2029.